Siri ya Nyuma

Mume wangu ni fundi wa magari, mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na tumegombana miaka ishirini na miwili kwa sababu ya herufi moja. Yeye ni Muembu wa papa hapa Runyenjes, na Kiembu hakina l. Kwa hivyo mume wangu hali chakula, anakura chakura. Halali, anarara. Mimi nilizaliwa Meru, mama yangu akiuza ndizi soko la Gakoromone, na matamshi yangu ya nyumbani yalikuwa mabaya vilevile, ila chuo cha ualimu kiliyasugua hadi yakatakata. Nikatoka huko na dodoki mkononi, natafuta wa kusugua.

Neno moja tu nilimwachia. Aliniita "mwarimu" siku ya kwanza tulipokutana, likanipendeza, na mpaka leo sijaligusa.

Mwaka wa kwanza wa ndoa alirudi nyumbani jioni akiwa amechoka na mwenye furaha, akaniambia, "Leo nimebadilisha siri mbili kwa gari moja. Ya mbele na ya nyuma." Nilicheka hadi nikashika ukuta. Alikuwa anazungumzia sili, ule mpira wa duara mfano wa bangili unaokaa kwenye injini. Akanieleza kwa subira. Ndani ya injini kuna chuma kinachoitwa krenki, ndicho kinachozunguka, na lazima ncha zake mbili zitoke nje ili gari liende. Lakini mafuta yanapaswa kubaki ndani. Sili inasimama pale mlangoni, mdomo wake mwembamba ukiikumbatia krenki, inaruhusu chuma kizunguke na kuzuia mafuta yasipite. Iko moja mbele, nyingine nyuma. Hiyo ya nyuma ndiyo kazi, kwa sababu kuifikia ni lazima ushushe giaboksi nzima.

Alieleza vizuri sana. Mimi, badala ya kumsikiliza hadi mwisho, nilichukua boksi la biskuti nikaandika juu yake SILI na SIRI, nikamwambia asome. Akasoma. Zote mbili zikatoka siri. Nikacheka tena, yeye akatabasamu, akaenda kuoga.

Baada ya hapo habari za gereji zikapungua nyumbani, kisha zikaisha kabisa. Nilijisifu kwa wenzangu shuleni kwamba nimepata mume asiyebeba kazi yake hadi mezani.

Sasa nije kwenye mambo ya mwaka huu. Tangu Pasaka nilikuwa na wasiwasi juu yake. Ulianza na mashati. Mume wangu ni mtu wa shati jeupe la vifungo kila Jumapili, tena hulipiga pasi mwenyewe. Ghafla akaliacha kabatini akaanza kwenda kanisani na fulana za ukosi, zile za kuvutia kichwani, moja ya zambarau. Mwanamume wa miaka hamsini na mitatu! Nilimwuliza anamvalia nani. Akasema zinastarehesha.

Kisha zikaja safari za Ishiara. Mara moja kwa mwezi, siku ya kazi, alikuwa anateremka Ishiara kuangalia gari la mteja, hivyo ndivyo alivyosema, na kurudi alasiri mikono ikiwa safi. Nimeishi na mikono ya fundi miaka yote hiyo. Najua inavyorudi kutoka kazini, na ile haikuwa imetoka kazini.

Lilikuwepo jambo la tatu, lakini hilo sikulihesabu. Jioni moja aliitoa sufuria ya githeri jikoni kwa mikono mitupu, bila kitambaa, akaitembeza polepole hadi mezani. Nilimwambia aache kujionyesha, yeye si kijana tena. Akacheka. Kesho yake vidole viwili vilikuwa na malengelenge, akasema ni mambo ya kuchomelea.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya likizo ya Agosti, na manyunyu yetu ya Runyenjes yalikuwa yameanza tangu alfajiri. Yeye aliondoka mapema, akasema anakwenda Embu kununua spea, akasahau simu kwenye chaji. Kufikia saa nne ikalia. Alikuwa mwenzake wa gereji, yule anayenyoosha mabati na kupaka rangi. Yeye pia ni Muembu. Naandika maneno yake kwa tahajia sahihi kwa sababu ya mazoea ya kazi.

"Boss, uko wapi?"

"Boss hayuko. Ni mimi."

"Ai, madam. Sasa huyu mtu ameenda wapi? Mwambie siri ya nyuma imevuja tena. Na mama wa Ishiara ako hapa, amekasirika si mchezo. Amesema hatoki mpaka waonane."

"Siri gani?"

"Hiyo ya nyuma, madam. Boss anaijua. Alidhani amemaliza hayo maneno, kumbe wapi."

Simu ikakatika. Ningekuwa mtulivu ningelikumbuka boksi lile la biskuti. Lakini nilikuwa nimebeba fulana ya zambarau kichwani tangu Pasaka, na sasa nimeletewa Ishiara, mama, na siri, vyote katika sentensi tatu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nikiambiwa siri imevuja, naelewa kwamba siri imevuja. Nikavaa viatu vya shule, vile vya kisigino, nikachukua mkoba ambao ndani yake mlikuwa na insha za wanafunzi na karatasi tupu za mtihani, nikateremka gereji nikitembea katikati ya barabara. Magari yalinipigia honi. Sikupisha.

Gereji yao ni uwanja uliozungukwa na ua wa miiba ya kayaba, na kibanda cha mabati, na shimo la kukagulia magari. Juu ya shimo ilikuwa imeegeshwa pikapu ya kijivu. Mbuzi saba walikuwa wamefungwa kwenye ua, na kando yao, juu ya tairi, alikaa mwanamke wa rika langu, leso kiunoni na gambuti miguuni. Alikuwa mzuri wa sura. Hilo liliniudhi zaidi ya yote.

"Wewe ndiye mama wa Ishiara?" nikamwuliza.

"Ndiye mimi."

"Mimi ni mke wake. Nimekuja tuzungumze kuhusu hiyo siri yenu."

Akanitazama kutoka viatu hadi kilemba. "Afadhali umekuja wewe," akasema. "Inama ujionee. Iko hapo chini."

Nikainama, kwa sababu mtu akikwambia inama kwa sauti ile unainama. Chini ya pikapu, pale injini inapokutana na giaboksi, mafuta meusi yalikuwa yanadondoka tone baada ya tone, na yalikwisha kutengeneza dimbwi la ukubwa wa sinia.

"Wiki mbili tu, mwarimu!" akaendelea juu ya kichwa changu. "Alitoa siri ya zamani akaweka mpya. Nimepelekea wachinjaji wa Meru mbuzi mara mbili, sasa ona. Kutoka Ishiara nimekuwa nikiongeza oili njia nzima kama mtu anayenywesha ng'ombe."

Nilibaki nimeinama muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Boksi la biskuti lilinijia lote, na herufi zake kubwa. Nilipoinuka sikuwa na pa kujificha, nikamweleza ukweli. Yule mama alicheka hadi akashikilia ubavu wa pikapu, mbuzi wakashtuka wakavuta kamba. Mwenzake mume wangu alizunguka nyuma ya kibanda, na huko tukamsikia akikohoa kikohozi kisicho na mafua. Nami nikacheka. Nilikuwa mwepesi, ningeweza kumbeba mbuzi mmoja hadi Meru kwa miguu.

"Mimi na mzee wako!" akasema, akijifuta macho kwa pindo la leso. "Sisi tunaonana tu kwa foleni ya..."

"Foleni ya nini?"

"Kwani hajakuambia?"

"Hajaniambia nini?"

Akainama kufunga upya kamba ya mbuzi ambaye alikuwa amefungwa vizuri tu. "Muulize mwenyewe. Mimi sitoi maneno ya mtu."

Hofu yangu ikarudi, na safari hii haikuwa na sura ya mwanamke. Hivyo mume wangu alikuwa na siri kweli, na yule muuza mbuzi alikuwa anaijua, mimi siijui. Nikakaa juu ya tairi kumngoja.

Alifika kwa bodaboda karibu saa tano, kutoka upande wa Ishiara na si upande wa Embu. Mkononi alikuwa na mfuko wa kaki uliokunjwa mdomo. Alipoona wanawake wawili kwenye tairi mbili, mmoja ni mimi, alisimama kidogo. Kisha akaingiza mfuko ndani ya sweta.

"Mwarimu, kwema?"

"Sijui. Niambie wewe."

Akatazama dimbwi, akamtazama mteja wake. "Mama, nimekuharibia gari," akasema. "Ngoja niifungue." Akavaa ovaroli akaingia shimoni na mwenzake. Hakuniambia niende nyumbani, na mimi sikutaka kumwuliza mbele ya watu. Lakini sikuondoka ukingoni mwa shimo.

Nilikuwa sijawahi kumtazama akifanya kazi. Miaka ishirini na miwili, na sijawahi. Walifungua shafti, wakashusha giaboksi juu ya jeki, wakatoa klachi na gurudumu lile zito lililo nyuma ya injini. Nikaona kwamba yeye anashika spana kubwa tu. Bolti ndogo zote alimwachia mwenzake. Wakati mmoja nati ilimponyoka, na hakujua kwamba imeanguka. Alifungua kiganja akakitazama kama mtu aliyeibiwa. Mwenzake akaiokota akamrudishia bila neno. Yule pia alijua.

Saa nane ilipita sili ikatoka. Aliichokoa kwa bisibisi iliyozungushiwa kitambaa, asije akaikwaruza krenki, akaiinua kwenye mwanga. Upande mmoja mdomo wake ulikuwa umejikunja kwenda nje.

"Iliingia hivi," akasema. "Si mpira mbaya. Ni mimi."

Aliichukua mpya. Ana mbinu yake, nikaiona siku hiyo. Alikata chupa ya plastiki ya soda, akapata kipande chembamba, akakizungusha kwenye ncha ya krenki, akakipaka mafuta, akatelezesha sili juu yake ili ule mdomo usikwame kwenye ukingo wa chuma. Kisha akavuta plastiki ikatoka, akaigongagonga sili kwa kipande cha mti, kidogo huku na kidogo kule, hadi ikakaa sawa. Mwisho akapitisha kidole chake cha mwisho kuzunguka krenki yote, kuhakikisha mdomo haujajikunja.

Alipitisha mara moja. Akapitisha tena. Akapitisha mara ya tatu, macho ameyafumba. Kisha akabaki hivyo, mkono juu.

"Imekaa?" mwenzake akamwuliza.

"Sijui."

Sijawahi kumsikia akitamka neno hilo juu ya injini. Mwenzake akatoka shimoni akasema anaenda kutafuta maji ya kunywa. Mama wa Ishiara akagundua kwamba mbuzi wake wanahitaji kuhamishiwa upande wa pili wa uwanja. Tukabaki wawili, yeye shimoni na mimi nimechuchumaa ukingoni na viatu vyangu vya kisigino.

"Vidole havisikii," akasema.

"Tangu lini?"

"Miguu ilianza mwaka jana. Vidole, kama Pasaka hivi. Ni sukari. Dawa nachukua kwa zahanati, Ishiara."

Sufuria ya githeri ikaja mbele ya macho yangu, ikifuka mvuke, na mikono yake mitupu. Yakaja na mashati. Vifungo. Alikuwa hawezi kufunga vifungo, nami nikamwuliza anamvalia nani.

"Kwa nini Ishiara?"

"Hapa kila mtu ni mzazi wa shule yako."

"Na mimi? Mimi ulinificha kwa nini?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, akivitazama kwa macho kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kujua kama vimetakata.

"Ungenirekebisha," akasema.

Ningejua namna ya kupigana na mwanamke wa Ishiara, nilikuwa nimepanga hata maneno njiani. Lakini lile neno lake halikuwa na kosa. Halikuwa hata na l ya kushika. Niliona aibu, na niliumia, na nilimkasirikia pia, kwa sababu miezi yote hiyo alimeza vidonge mahali fulani akijificha nisimwone. Nililia kidogo. Yeye akasubiri.

Kisha nikavua viatu nikashuka shimoni.

"Vua pete," akaniambia. "Itakwaruza mdomo."

Nikaivua nikampa. Akaivaa kwenye ncha ya kidole chake cha mwisho, na muda wote uliofuata akawa anaitazama, isije ikaanguka asijue.

Akaniambia nipake kidole mafuta, niingize pale krenki inapotokeza, nianzie juu, nizunguke polepole, nisikandamize. Nifuate tu. Mdomo ukiwa sawa, alisema, utahisi mteremko mmoja laini hadi mwisho. Nilizunguka. Chini upande wa kushoto kidole changu kikapanda kitu kidogo, mfano wa upindo wa sketi.

"Kuna mkunjo hapa."

"Mkubwa?"

"Mdogo. Kama upindo."

Akashusha pumzi. "Ndiyo hiyo. Ingevuja tena kabla ya kufika Chuka."

Tukaitoa tukaanza upya. Alinieleza kila kitu tangu mwanzo, krenki, ncha mbili, mlango, mafuta yanayotaka kutoka na chuma kinachotaka kuzunguka, maneno yaleyale ya mwaka wa kwanza wa ndoa, r zake zote zikiwa mahali pake. Safari hii nilisikiliza hadi mwisho. Kuna sehemu baada ya pale nilipomkatiza zamani ambayo sikuwahi kuisikia: kwamba sili haikazi sana, ikikaza sana huungua, inagusa tu. Mimi nilishika plastiki, yeye akatelezesha, mimi nikavuta, yeye akagonga kwa mti. Nikapitisha kidole. Mteremko mmoja laini hadi mwisho. Nikarudia, kwa kuwa mimi husahihisha kila karatasi mara mbili.

"Siri imekaa," nikasema.

Aliniangalia. Neno hilo halikuwa limenitoka kwa bahati mbaya, na aliliona hilo. Akamwita mwenzake warudishe giaboksi.

Walipomaliza, injini ikawashwa ikaachwa ingurume robo saa. Nilitoa karatasi tupu ya mtihani mkobani nikaitandaza chini ya pikapu, pale palipokuwa na dimbwi, tukainama wote wanne kuitazama kama watu wanaosubiri matokeo. Ilibaki nyeupe. Mama wa Ishiara akawapakia mbuzi wake, akapanda, na kabla ya kuondoa gari akatoa kichwa dirishani.

"Mwarimu! Na ninyi mwende mzungumze."

Tulizungumza. Njiani hadi nyumbani, na jikoni, hadi chai isiyo na sukari ikapoa mbele yetu. Aliniambia siku aliyopimwa, vidonge anavyomeza, kiatu kilichomchubua kisigino asijue, na hofu yake ya kufunga gereji. Mazoea ni mazoea, nilizisikia l zote zilizokuwa zinapotea. Sikuokota hata moja. Nilikuwa na maswali mengi juu ya chakula anachokula akiwa kazini, nayo niliyameza. Mengine nimeyauliza baadaye, si kwamba nimekuwa mtu mwingine. Na zikifika kazi za sili, mwenzake sasa ndiye anayepitisha kidole. Nikiwa likizo mume wangu hunipigia simu nikapitishe mimi, wala sijui kama ni kwa sababu ananihitaji.

Jumapili ile nilikuwa najipaka mafuta mbele ya kioo nikamwona nyuma yangu ametoa shati jeupe kabatini. Alikuwa amelipiga pasi. Alilivaa, akasimama mbele yangu kifua wazi, mikono imening'inia kando, hakuomba kitu. Nikaanza kumfunga vifungo kutoka chini kwenda juu. Nilifika shingoni nikauvuta ukosi ukae vizuri, nikarudi nyuma kumtazama.

"Mwarimu," akasema, "umeruka kimoja."

Nikaangalia. Ni kweli, nilikuwa nimekiruka cha tatu. Nikafungua vyote nikaanza upya.